Nyumba Yako, Kiwanja cha Nani? Kununua, Kujenga na Kupanga Chini ya Milima ya Uluguru



Miongoni mwa maswali yanayowafikia maimamu wa Morogoro, mjini na milimani, lipo moja ambalo hurudi karibu kila baada ya msiba. Mume amefariki. Ameacha mke, watoto, mama mzee na nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati nzuri. Arobaini haijafika, wazee wa pande mbili wanakaa kikao, na imamu anaitwa ili agawe mirathi. Anakuja na hesabu yake ya thumni na sudusi. Kabla hajafungua mdomo mzee mmoja anasema: "Nyumba ni ya marehemu, hatukatai. Lakini kiwanja ni cha ukoo." Hapo kikao kinasimama, kwa sababu nyumba haiwezi kubebwa kichwani.

Vijana nao huja kwa maimamu wakiwa na swali la mwanzo: je, ninunue nyumba, nijenge, au niendelee kupanga? Huliuliza kama swali la fedha. Sisi tunaona kuwa katika nchi ya Uluguru swali hilo ni la pili. La kwanza ni la ardhi iliyo chini ya nyumba: ni ya nani, na wewe unakaa juu yake kwa mkataba gani? Asiyejibu hilo akiwa hai huwaachia warithi wake walijibu wakiwa na majonzi.

Tuanze Madina, maana mambo haya matatu yote yamo katika sira. Mtume (S.A.W) alipofika Madina mwaka 622 hakuwa na nyumba. Alikaa kwa Abu Ayyub al-Ansari (R.A), na wapokezi wa sira wanataja muda wa takriban miezi saba. Alikuwa mgeni, hakulipa kodi. Ilikuwa nyumba ya ghorofa, na Abu Ayyub alikosa raha kwa kuwa yeye alikuwa juu na Mtume chini, hata siku mtungi wa maji ulipovunjika yeye na mkewe walikausha maji kwa blanketi lao la pekee wasije wakamdondoshea. Huo ndio ukaaji wa kupewa nafasi kwa wema, ambao wanazuoni wa fiqhi wanauita ariya.

Kisha pakapatikana kiwanja. Ngamia alipiga magoti mahali palipokuwa pakianikwa tende, pakimilikiwa na mayatima wawili, Sahl na Suhail. Wao walitaka kupatoa bure. Mtume (S.A.W) alikataa kupapokea kama zawadi mpaka akapanunua, na wapokezi wanataja dinari kumi zilizotoka katika mali ya Abu Bakr (R.A). Baada ya kununua ndipo akajenga, msikiti kwanza na vyumba vya wakeze kando yake, kwa matofali ya udongo na magogo ya mitende. Msomaji autazame mpangilio huo. Kauli nzuri ya mayatima haikumtosha kuweka tofali. Alitaka kwanza ardhi iwe imehama kutoka kwa mwenyewe kwa mkataba usio na shaka.

Sasa tupande mlimani.

Ardhi ya tombo

Waluguru ni watu wa ukoo wa kikeni. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ukoo mkubwa umegawanyika katika matawi ambayo kwa Kiluguru huitwa tombo, yaani titi, kwa maana ya walionyonya asili moja. Kila tawi lilikuwa na ardhi yake na mkubwa wake, na jina na heshima ya mkubwa huyo vilirithiwa na ndugu au na mpwa, mtoto wa dada, wala havikwenda kwa mtoto wa kumzaa. Masimulizi ya koo nyingi huanza na mtu aliyefika akakuta msitu, akaufyeka, akalima.

Mkubwa wa tawi hakuwa mwenye ardhi kwa maana ya kuiuza apendavyo. Alikuwa mgawaji. Mwana ukoo alipewa sehemu ya kulima na kujenga. Mgeni asiye wa tawi hilo, hata akiwa Mluguru wa bonde la pili, aliomba, akapewa, na akatoa malipo yaitwayo ngoto. Malipo haya zamani yalikuwa kitu kidogo, baadaye yakawa fedha. Kiini chake kilikuwa kukiri: anayetoa ngoto anakiri kila mwaka kuwa ardhi si yake. Ndiyo maana mara nyingi mtu wa namna hiyo hakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu, kwani mti huishi kuliko makubaliano, na anayepanda mfenesi leo atadai shamba kesho.

Serikali zilizokuja ziliongeza tabaka juu ya tabaka. Wajerumani walitangaza mwaka 1895 kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola yao. Waingereza kwa sheria ya mwaka 1923 wakaifanya ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya Gavana, na mwaka 1928 wakaongeza kuitambua haki ya wenyeji walioikalia kwa mila. Katika Uluguru walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo, watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, na Julai 1955 ikazuka ghasia huko Matombo ambamo mtu alipoteza maisha. Baada ya uhuru umiliki wa kudumu ulifutwa mwaka 1963 ukageuzwa kuwa wa miaka maalumu, na mwaka huo huo mamlaka ya machifu yakaondolewa. Machifu waliondoka, lakini wakubwa wa matawi hawakuondoka vichwani mwa watu. Hata leo, ukiuliza katika vijiji vya Mkuyuni, Kiroka au Kinole shamba hili la nani, mara nyingi utajibiwa kwa jina la ukoo kabla ya jina la mtu.

Mjini ni habari nyingine. Mji wa Morogoro ulianza kama ngome ya Kisabengo, mtu wa Uzigua aliyejiimarisha chini ya mlima katika karne ya 19, na binti yake Simbamwene akatawala baada yake. Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji wenye kuta za mawe. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika mwaka 1907 wakaja watu wa kila kabila, wafanyabiashara, vibarua wa mashamba ya mkonge, na wengi wao hawakuwa na ukoo wa kuwapa kiwanja. Wakapanga chumba, au wakajenga kwa ruhusa ya serikali. Hadi leo mwenye hati ya Kihonda au Kilakala anamiliki kwa miaka 33, 66 au 99, na ardhi yenyewe kwa sheria ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Tukisema kweli, hata anayejiita mwenye nyumba mjini naye ni mpangaji wa muda mrefu. Mwaka 1971 wenye majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 waliamka wakakuta yamehamia kwa Msajili wa Majumba, jambo lililowakumbusha wengi jinsi karatasi ilivyo nyepesi.

Ariya, ijara na mauti

Tumeyaeleza hayo ili tufike kwenye fiqhi, na hapa tutakaa kidogo.

Mtu aliyejenga kwa idhini ya ukoo bila malipo, mkataba wake ni ariya, kuazimwa. Katika madhehebu ya Imam Shafi (R.A), ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao na wa Morogoro, ariya ni mkataba usiofunga. Mwenye ardhi anaweza kurudi nyuma, na mkataba huisha kwa kufa mmoja wa wawili hao. Mtu aliyejenga kwa malipo maalumu na muda maalumu, mkataba wake ni ijara. Ijara inafunga pande zote mbili, na kwa Imam Shafi haivunjwi na mauti: mpangaji akifa, warithi wake wanakamilisha muda uliobaki. Mabwana wa madhehebu ya Hanafi wao wanasema huvunjika, lakini sisi tunazungumza na watu wa Minhaj.

Ngoto iko wapi baina ya mambo haya mawili? Kuna malipo, basi si ariya tupu. Lakini muda haujatajwa, na ijara ya ardhi isiyo na muda si sahihi. Kwa hiyo mtu anaweza kutoa ngoto miaka thelathini akidhani amejenga haki, kumbe kisheria ameshikilia mkataba wenye kasoro, na siku akifa hana muda wa kuwarithisha wanawe. Dawa yake si ngumu. Wakae wakubwa wa tawi na mjenzi, waandike: kipande hiki, mipaka hii, malipo haya, miaka hii. Miaka ikiwa hamsini, iwe hamsini. Kwa kuandika muda peke yake, mkataba wenye kasoro umekuwa ijara iliyosimama.

Na lile jengo? Halipotei. Wanazuoni wetu wanasema, mwenye kuazima ardhi kwa ajili ya kujenga akitaka ardhi yake, na hapakuwa na sharti la kubomoa bure, mjenzi akichagua mwenyewe kuondoa chake ni haki yake. Asipochagua, mwenye ardhi ana hiari: aliache jengo libaki kwa kodi, au libomolewe naye alipe hasara ya kupungua thamani, na ipo kauli kuwa anaweza kulichukua kwa kulipa thamani yake. Jambo ambalo hana ni kusema "kiwanja cha ukoo" kisha akaingia ndani na kubadilisha kufuli. Hiyo ni kula mali ya watu kwa batili, na Mtume (S.A.W) ameonya kuwa anayedhulumu ardhi hata kiasi cha shubiri atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama.

Chukua basi yule marehemu wa mwanzo. Tuseme jengo lake, likithaminiwa kama jengo lililosimama juu ya ardhi ya watu, ni shilingi 12,000,000, na hakuacha deni wala wasia. Baba yake alitangulia. Mke anapata thumni, 1,500,000. Mama anapata sudusi, 2,000,000. Wana wawili wa kiume kila mmoja 3,400,000, na binti 1,700,000. Ardhi haimo katika hesabu ikiwa kweli ni ya ukoo, kwani tirka ni kile alichomiliki maiti.

Tumesema "ikiwa kweli". Wako wanaopinga kuwa aliyefyeka msitu mwanzo alimiliki kwa kuhuisha ardhi mfu, na Imam Shafi hakushurutisha hata idhini ya mtawala, basi ardhi yote ya ukoo ni mirathi ambayo haijagawanywa tangu enzi hizo. Hoja hiyo ina nguvu kwa shamba ambalo baba au babu wa marehemu alilifyeka mwenyewe na mashahidi wapo. Hilo ni mali yake na litagawiwa. Ama ardhi iliyopita mikononi mwa vizazi kwa kugawiwa na mkubwa wa tawi, na kila aliyepewa alikubali kuwa amepewa kutumia, sisi tunaona haifai mtu mmoja kuifanya tirka yake eti kwa kuwa alifia juu yake. Kuwatetea mayatima si sababu ya kuwadhulumu watu wengine.

Nyumba mbili, dhulma mbili

Kuna jambo ambalo vikao vyetu hulipita haraka. Mume wa Kiluguru anaweza kujenga mahali pawili, kwenye ardhi ya ukoo wake au kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe.

Akijenga kwao, akifa, wapwa zake huja, kwa kuwa wao ndio wa tombo moja naye. Mjane na watoto ni wa ukoo mwingine, hutakiwa kurudi kwa wajomba. Dhulma hii inaonekana na inasikika, na maimamu wengi wameikemea. Mpwa wa kikeni katika madhehebu yetu ni katika dhawil arham. Hana fungu maadamu wenye mafungu na asaba wapo. Kama mjomba alitaka kumpa kitu, mlango wa wasia uko wazi, mwisho thuluthi moja.

Lakini akijenga ukweni, akifa, kikao kinakuwa kitulivu. Mjane yuko kwao, watoto wako kwao, hakuna anayefukuzwa. Watu husema alhamdulillah na imamu anakwenda zake. Nani anakumbuka mama mzima wa marehemu aliyekaa bonde la pili? Sudusi yake imo ndani ya yale matofali. Mwanawe aliyachoma, bati alinunua kwa fedha zake za vitumbua au za mkonge, na yule mama hakupata hata thamani ya mlango. Mila haikumtazama kwa sababu nyumba iko kwa wakwe. Sisi tunasema hii nayo ni dhulma, ila imevaa kanzu safi. Allah (S.W) ameyataja mafungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na 12, na la mama limo humo humo pamoja na la mke.

Tena tusiilaumu mila kwa kila kitu. Ukoo wa kikeni umewapa wanawake wa Uluguru ardhi ya kusimama juu yake wakati makabila mengi mwanamke hakuwa na shamba kabisa. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo mahakama za nchi hulitumia, liliandikwa kwa makabila ya ukoo wa kiumeni. Mluguru hakuwa amelengwa. Binti wa Kiislamu aliyepewa kipande na mama yake asipokonywe kwa jina la dini na kaka anayetaka mafungu mawili, ikiwa kipande hicho hakikuwa tirka ya mtu yeyote.

Anayetaka kununua naye awe macho. Kwa miaka mingi sheria ya nchi haikuitambulia ardhi tupu thamani. Kilichouzwa kwa haki ni maendelezo, yaani nyumba na miti. Hilo lilibadilishwa na sheria mbili za mwaka 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika Mei 2001. Sasa kijijini ipo hati ya hakimiliki ya kimila, mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu, na kumhamishia ardhi mtu wa nje kunahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Haya yote hayamwokoi aliyenunua kwa mpwa mmoja mwenye shida ya fedha bila tawi kujua. Huko ni kuuza mali ya mwingine bila wakala, na katika kauli mpya ya Imam Shafi mauzo hayo ni batili tangu mwanzo. Ardhi nayo inapungua. Juu kuna msitu ambao mwaka 2008 ulifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia, chini mji unapanda kupitia Bigwa, na katikati wauzaji wa mara mbili mbili wamekuwa wengi.

Anayenunua kwa mkopo ajue kuwa Benki ya Nyumba iliyoanzishwa mwaka 1973 ilikopesha kwa riba hadi ilipofungwa mwaka 1995, na kwamba leo hana udhuru ule wa kusema hakuna njia nyingine, kwani tangu Novemba 2011 iko Benki ya Amana inayoendeshwa kwa misingi ya sharia. Masharti yake ayasome kwa makini vilevile.

Ama kupanga hakuna aibu. Lakini hata mkataba wa chumba cha Mji Mpya una kasoro watu wasiyoiona. "Kila mwezi shilingi kadhaa", bila kutaja mpaka lini, kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ni ijara isiyosihi, japokuwa wapo maimamu wengine walioiruhusu, Hanafi wakiipitisha kwa mwezi wa kwanza. Andika miezi sita, andika mwaka. Ng'ambo ya Unguja watu walijenga vibanda vyao juu ya ardhi ya wengine bila muda ulioandikwa. Wenye ardhi walipopandisha kodi za viwanja, mwaka 1928 wakazi waligoma kulipa, na mambo yakafika polisi na mahakamani.

Tumalizie na jambo linalowahusu maimamu wenyewe. Misikiti mingi ya milimani imejengwa kama nyumba zile: mzee mmoja wa ukoo alisema "jengeni hapa," watu wakaitikia takbira, wakaleta mchanga. Mzee amefariki. Kama alikuwa mgawaji tu, hakuwa na ardhi ya kuitoa wakfu. Na kama lilikuwa neno la kuazima, limeisha siku alipozikwa. Katika Minhaj kuweka wakfu jengo lililo juu ya ardhi ya kukodi kunasihi kwa kauli sahihi zaidi, hivyo kuta na paa zinaweza kuwa wakfu. Sakafu wanayosujudia watu ni ya nani? Imamu aende kwa mkubwa wa sasa wa tombo hilo, yeye na watu wazima wa tawi lake, wanaume na wanawake, aombe waitoe kwa maandishi, na wakisita, anunue.